Wagonjwa Wote Wenye 120/80

Katika mwaka wangu wa pili kwenye zahanati moja ya kisiwa cha Pate, alikuja muuguzi mkuu mmoja kwa ziara ya usimamizi, akaketi kwenye benchi la barazani, akaomba rejista ya kliniki ya wajawazito. Hakuuliza habari za dawa wala za vyoo, mambo ambayo nilikuwa nimeyatayarisha tangu alfajiri. Aliweka kidole juu ya safu ya shinikizo la damu, akakiteremsha polepole hadi chini ya ukurasa, akafungua ukurasa wa pili, akafanya vivyo hivyo. Kisha akanitazama juu ya miwani yake.

“Mwanangu,” akasema, “wake wa kisiwa hiki wote wana moyo mmoja?”

Nikainama nikatazama. Katika mistari 30 ya ukurasa ule, 21 ilikuwa 120/80, na iliyobaki ilikuwa 110/70, isipokuwa mmoja tu karibu na mwisho: 146/92. Mstari ule mmoja haukuwa mwandiko wangu. Ulikuwa wa mwanafunzi wa uuguzi aliyekaa nasi kwa wiki chache, msichana mpole ambaye nilikuwa nimemlaumu, tena mbele ya wagonjwa, kwa kuchelewesha foleni.

Naomba nieleze namba zile zilivyopatikana, kwa sababu tangu siku hiyo nimeona namba kama hizo katika vituo vingi, na sidhani kwamba wote wanaoziandika ni waongo. Chumba cha kliniki kilikuwa kimoja, mlango wake umevimba kwa unyevu wa bahari hata haufungi sawasawa, na barazani walikuwa wakingoja wanawake zaidi ya 20, baadhi yao wakiwa na waume zao. Mama anayeingia amevaa buibui, na chini ya buibui gauni la mikono mirefu. Kumwomba afunue mkono hadi juu ya kiwiko, hali mlango uko wazi kiasi cha upana wa kiganja, ni kumfedhehesha. Basi nilikuwa nikiufunga mkanda wa presha juu ya nguo. Nguo ikiwa katikati, sauti ya mshipa katika stethoskopu huwa kama ya mtu anayezungumza nyuma ya ukuta wa matumbawe: unajua kuwa anasema, lakini hujui anasema nini. Nilisikia kitu baina ya 114 na 126, na mkono wangu ukaandika 120.

Mashine ya mshale ina alama zake kila baada ya 2. Anayeisoma kwa uangalifu ataandika namba zinazoishia na 0, 2, 4, 6 na 8, na kila moja itatokea takriban mara moja katika kila mara 5. Rejista ambayo kila namba inaishia na sifuri haiwezi kuwa imetokana na masikio. Imetokana na mazoea. Yule muuguzi mkuu alinifundisha hesabu hiyo pale pale benchini kwa kalamu ya risasi, na mpaka leo nikifungua rejista ya mtu mwingine hutazama tarakimu ya mwisho kabla sijatazama jina la mgonjwa.

Kanuni zenyewe hazina siri. Mgonjwa apumzike kwa dakika 5, aegemee, asipishanishe miguu, mkono uwe wazi na uegemezwe usawa wa moyo, mkanda utoshe mkono wake, kwa maana mkanda mdogo hupandisha namba na mkubwa huishusha, na wakati wa kupima wote wawili wanyamaze. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote huku kwetu, ambako kuulizana hali ni nusu ya matibabu. Nilitundika pazia zito mlangoni, nikaweka kiti cha pili barazani kwa ajili ya anayefuata apumzike hapo akingoja, na kazi iliyokuwa ikinishinda kwa miezi mingi ikawezekana kwa gharama ya pazia.

Lakini mama wa 146/92 hakunitoka moyoni. Wiki 2 kabla ya mwanafunzi kumpima, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia 120/80. Shinikizo linalofika 140/90 baada ya wiki ya 20 ya mimba, pamoja na protini katika mkojo, ni dalili ya hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na mkojo wake ulikuwa na protini. Alipelekwa hospitali ya Lamu, akajifungua salama, na siku nyingi baadaye nilimwona akimbeba mtoto begani akielekea gatini. Je, presha yake ilipanda ndani ya wiki zile 2, au ilikuwa imekwisha kupanda akiwa mbele yangu? Rejista haiwezi kunijibu. Namba ya uongo hubaki mahali pake ikikaa kama ya kweli, na aliyeiandika mwenyewe hawezi tena kuitofautisha.

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu watu wakitaja uhakikisho wa ubora katika huduma za wauguzi, fikra zao huenda kwenye mikutano, fomu na mabango ukutani. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kwa muuguzi anayefanya kazi peke yake, swali la kwanza ni dogo na la aibu zaidi: je, alichokiandika kilitokea?

Kufanya kazi peke yake si jambo la ajabu katika visiwa hivi. Katika ngazi 6 za huduma za afya nchini Kenya, zahanati ni ngazi ya 2, na anayeiendesha mara nyingi ni muuguzi. Ndiye anayemsikiliza mgonjwa, anayempima, anayeamua ana nini, anayempa dawa, anayezalisha, anayechanja, na ndiye anayeamua nani apande mashua kwenda hospitali. Watu humwita daktari, naye baada ya muda huacha kuwasahihisha. Huko Marekani kazi inayofanana na hii ilipewa jina, nurse practitioner, na mafunzo yake mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mpango wao katika Chuo Kikuu cha Colorado, wakiwafunza wauguzi kuwahudumia watoto waliokuwa mbali na madaktari. Siku hizi muuguzi wa aina hiyo huko husomea shahada ya juu, na majimbo hutofautiana: mengine humruhusu afanye kazi kwa mamlaka yake mwenyewe, mengine humtaka awe na makubaliano na daktari. Sisi tulifika kwenye kazi ile ile kwa njia nyingine, kwa sababu daktari hakuwapo na mgonjwa alikuwapo. Leseni tunapewa na Baraza la Wauguzi, nalo hututaka tuendelee kujifunza. Lakini leseni huthibitisha kwamba muuguzi anajua. Haithibitishi kwamba Jumanne ile, saa 5 asubuhi, alifanya.

Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma hutazamwa kwa njia 3: vifaa na watu waliopo, kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Wakaguzi hupenda njia ya kwanza, na siwalaumu, kwa maana vitanda huhesabika na mgeni anayewahi mashua ya kurudi hana siku nzima. Mpango wa 5S wa kupanga mahali pa kazi, uliotoka viwandani Japani, ambao wenzetu wa Tanzania waliutia katika Kiswahili kizuri cha Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, ulinisaidia sana siku nilipohitaji oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, usiku na kuikuta mahali pake bila kupapasa. Hata hivyo nimewahi kuona kabati lililobandikwa vibandiko vya rangi 4, kila rafu na jina lake, na ndani yake mkanda wa presha usioshika upepo.

Njia ya tatu, ile ya matokeo, ndiyo inayowavutia wakubwa: mama wangapi walifariki, watoto wangapi walizaliwa wakiwa hai. Kwa hospitali kubwa namba hizo hueleza jambo. Kwa zahanati inayozalisha wanawake wachache kila mwezi hazielezi karibu chochote. Inaweza kukaa miaka kadhaa bila mama hata mmoja kufa huku kazi yake ikiwa mbovu, na inaweza kumpoteza mama katika mwezi ambao kila kitu kilifanywa kwa wakati wake. Niliwahi kusikia kituo kikisifiwa hadharani kwa kutokuwa na kifo, na muuguzi wake, ambaye alikuwa mkweli kuliko waliomsifu, akaninong’oneza, “Mwenzangu, bahati hii isije ikatuzoea.” Kwetu sisi basi hubaki ile njia ya katikati, yaani kutazama kazi ilivyofanyika, na kwa kuwa kazi hufanyika nyuma ya pazia, kinachobaki kutazamwa ni maandishi.

Hapa ndipo ninapotaka kuitetea partografu, karatasi ya kuchorea jinsi uchungu wa uzazi unavyoendelea saa kwa saa, inayochukiwa na wakunga wengi ninaowafahamu. Mistari yake 2 ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilichorwa na Philpott na Castle, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 1972 na kufanywa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mstari wa pili uko mbele ya wa kwanza kwa muda wa saa 4, na muda huo haukuchaguliwa kwa uzuri wa mchoro. Ulikuwa nafasi ya kumhamisha mama kutoka kituo cha pembezoni hadi hospitali kabla mambo hayajaharibika. Karatasi hii, kwa maneno mengine, ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Ila waliopanga saa 4 hawakuwa na Mkanda mbele yao. Mkanda, na hapa sizungumzii tena ule wa presha, ni mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, ambao mashua za Pate hupitia kwenda Amu, yaani Lamu mjini. Maji yakijaa unapitika. Yakipwa unabaki tope na mizizi ya mikoko, na kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa 6 hivi. Usiku mmoja wa bamvua nilimwita nahodha, mama akiwa amekwisha kuugusa mstari wa tahadhari, naye akasimama mlangoni na kanzu yake ya kulalia, akasema, “Daktari, mai yamekupwa, hatupiti.” Njia ya nje, upande wa bahari kuu, kusi ilikuwa imeichafua. Tulingoja. Mama alijifungua kabla maji hayajarudi, mtoto akalia, nami nikakaa chini sakafuni. Tangu usiku huo, kwenye pembe ya kila partografu ninaandika saa ya maji kujaa. Fomu haina nafasi ya jambo hilo, na msimamizi mmoja aliwahi kuniuliza ni namba ya nini.

Partografu inayonitia hofu zaidi kuliko iliyopita mstari ni ile iliyonyooka mno. Mlango wa kizazi unafunguka sentimita 1 kila saa, bila kukosea, na moyo wa mtoto ni 140, 140, 140 kila baada ya dakika 30 usiku kucha. Hiyo imejazwa asubuhi, mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa, na wino wake huonekana kuwa wa mkono mmoja uliokaa mahali pamoja. Ninaijua kwa sababu nimeijaza. Muuguzi aliyekuwa peke yake na wajawazito 2 usiku mmoja hakupata nafasi ya kusikiliza kila baada ya nusu saa, hilo linaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kushika zamu. Lisiloeleweka ni kwa nini tulifundishwa kwamba nafasi tupu ni kosa kubwa kuliko namba ya kubuni.

Aliyenisaidia kutoka katika mazoea hayo hakuwa mkaguzi. Alikuwa muuguzi mwenzangu wa zahanati ya kijiji kingine. Tulikubaliana kwamba kila mwezi tubadilishane faili 5, na sharti letu lilikuwa moja: anayesoma ndiye anayechagua, kwa kufumba macho na kuchomoa. Ukimwachia mtu achague faili zake mwenyewe atakuletea bibi harusi.

Mwezi wa kwanza nilijiona nimeshinda, kwa kuwa nilimkuta amewapa watu 2 dawa ya malaria bila kuandika jibu la kipimo. Mwezi wa pili akanirudishia faili zangu za watoto wenye kikohozi, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: “Zote zinagawanyika kwa 4.” Sikuelewa mara moja. Nikatazama idadi ya pumzi nilizoandika kwa kila mtoto: 32, 36, 44, 28, 40. Akanipigia simu akicheka. Nilikuwa nikihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara 4.

Mwongozo unataka dakika nzima, na una sababu. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 50 kwa dakika, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40. Kupumua haraka pamoja na kikohozi ndiyo njia yetu ya kuitambua nimonia pasipo picha ya kifua. Watoto hawapumui kama saa ya ukutani. Huvuta haraka, hutulia, huvuta tena, na anayehesabu robo dakika akikosea pumzi 1 amekosea 4. Mtoto niliyemwandikia 36 huenda alikuwa na 41. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuliona hilo, na hakuna fomu ambayo ingelionyesha, kwa maana safu ilikuwa imejaa na fomu huridhika na safu iliyojaa. Lilionwa na mtu aliyeijua njia hiyo ya mkato kwa sababu, kama alivyokiri baadaye, aliitumia yeye pia.

Sasa nifike kwenye manung’uniko. Jokofu la chanjo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto lake huandikwa mara 2 kila siku, zikiwamo siku za mapumziko. Kwa miaka mingi karatasi iliyobandikwa juu ya jokofu letu ilisoma 4 asubuhi na 4 jioni, hata siku ya Idi, ambayo kila mtu wa kijiji alijua kwamba nilikuwa Lamu mjini kwa mama yangu. Baada ya mambo niliyoyaeleza, nikaanza kuandika ninachokiona. Mwezi wa kwanza wa ukweli ulikuwa na nafasi 6 tupu, na asubuhi moja, betri za sola zilipochoka, kulikuwa na 11. Nilifanya inavyotakiwa: nikazihamishia chupa katika kisanduku chenye vipande vya barafu vilivyoanza kuyeyuka, ili zisije zikaganda, nikatazama alama ya joto ya kila chupa, ule mraba mdogo ndani ya duara unaoiva rangi kadiri joto linavyougusa, nikatoa taarifa.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Haikuuliza habari za betri. Ilinitaka nieleze kwa maandishi kwa nini ubora wa utunzaji wa chanjo katika kituo changu umeshuka, ikilinganishwa na miezi iliyotangulia na ikilinganishwa na vituo vya jirani. Sitaitaja ofisi iliyoiandika. Aliyeiandika pengine alikuwa na jedwali mbele yake na namba yangu ilikuwa na rangi nyekundu. Nilijibu kwa ukurasa mmoja kwamba ubora haukushuka, kilichoshuka ni uongo, kisha nikaichana barua ile nikaandika nyingine yenye adabu. Betri zilikuja, lakini zilichelewa, na katika kungoja nilikuwa na hamu kubwa, nakiri, ya kuirudia 4 yangu. Mtu anayetaka ripoti safi kwa kila mwezi ataletewa ripoti safi kwa kila mwezi. Wauguzi si wajinga. Wakiona kwamba aliyeandika 11 ameandikiwa barua na aliyeandika 4 amepewa cheti, watajifunza somo hilo upesi kuliko semina yoyote.

Yule muuguzi mkuu wa benchi, kwa upande wake, hakuniandikia barua. Aliweka tu herufi zake za jina chini ya ukurasa, akaahidi kurudi baada ya miezi 3, na akarudi. Alipofungua rejista na kukuta 118/74, 132/86, 104/62, hakunisifu. Aliuliza yule wa 132/86 yuko wapi leo.

Mwaka huu nimeletewa muuguzi kijana, na mimi ndiye ninayesoma rejista juu ya miwani. Wiki iliyopita nilikuta katika safu ya shinikizo la damu, mstari wa mama wa mimba ya kwanza, maneno haya kwa mwandiko mdogo: “Haikupimwa. Mkanda umepasuka.” Nilimwuliza amechukua hatua gani. Akanijibu kwamba amempima mkojo, hauna protini, amemwuliza kuhusu kichwa na macho, hana tatizo, na amemwambia arudi mkanda ukipatikana. Nikaweka herufi zangu, nikampigia simu mwenzangu wa kijiji cha pili. Mkanda wake wa akiba ukaja siku ya tatu kwa mashua ya alasiri, umeviringishwa ndani ya khanga ili chumvi isiuguse. Kijana akampigia yule mama, mama akaja na mama mkwe wake, akakaa dakika 5 kwenye kiti cha barazani. Ukutani nilikuwa nikisikia pampu ikibanwa, kisha kimya, kisha kalamu. 126/78.